Kabla ya Kuongeza Boksi la Spika kwenye Amplifaya ya Besi

Karibu kila kikundi cha muziki kinaijua hali hii. Sherehe ya wadi imefika, viti vimepangwa, mgeni wa heshima yuko njiani, na mpiga besi analalamika kwamba gitaa lake halisikiki. Boksi la spika la ziada linaazimwa kutoka kanisa la jirani. Linaunganishwa pamoja na yale mawili yaliyopo, na kweli besi inanguruma. Baada ya nyimbo tatu au nne, amplifaya inazima. Inapumzishwa, inawashwa, inatoa wimbo mmoja, inazima tena. Mara ya tatu haiwaki, na nyuma yake kunatoka harufu ya kitu kilichoungua.

Hapo lawama huanza. Kuna anayesema stima ilipanda ghafla, kuna anayesema amplifaya ni ya bei rahisi, na aghalabu mpiga besi ndiye huambiwa kwamba alifungua sauti kupita kiasi. Mara nyingi chanzo ni lile boksi la tatu. Lenyewe halikuwa na ubovu wowote. Ila lilikuwa moja zaidi ya yale ambayo amplifaya ile ilitengenezwa kuyabeba.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka shughuli za utamaduni na burudani za umma mikononi mwa serikali za kaunti, na vikundi vingi vya vijana, kwaya, bendi za benga na vikundi vya taarabu hufanyia mazoezi na maonyesho katika kumbi za kijamii. Vifaa vya muziki huko hutumiwa na watu wengi wasiojuana. Amplifaya moja ikiungua, kila kikundi kilichoomba ukumbi mwezi huo hukosa besi, si kile tu kilichoiunguza. Maelezo haya yamekusudiwa wapiga besi, viongozi wa vikundi na wasimamizi wa kumbi ambao hawakupata nafasi ya kufundishwa jambo hili na mtu yeyote.

Besi ni mzigo mzito

Uzi mnene wa gitaa la besi la kawaida, ule wa noti ya E, hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Gitaa la nyuzi 5 hushuka hadi karibu mara 31. Wimbi la sauti la uzi huo wa E lina urefu wa zaidi ya mita 8 hewani, na sikio la binadamu ni zito kusikia sauti za chini kiasi hicho. Ili isikike sawa na gitaa la solo, besi inahitaji spika isukume hewa nyingi, na kusukuma hewa nyingi kunataka nguvu. Ndiyo sababu mpiga solo anaweza kuridhika na amplifaya ya wati 50 huku mwenzake wa besi akihitaji 300 au 500. Kampuni ya Ampeg ya Marekani ilipotoa amplifaya yake ya SVT mwaka wa 1969 kwa ajili ya majukwaa makubwa, iliipa wati 300 na kuiambatanisha na maboksi marefu yenye spika nane za inchi 10 kila moja. Maboksi ya umbo hilo bado yanatengenezwa hadi leo, na anayelibeba kupanda ngazi hujua uzito wake.

Katika benga, ambapo besi haikai nyuma bali hujibizana na gitaa la solo, mpiga besi hana budi kusikika. Basi tamaa ya kuongeza spika inaeleweka. Swali ni jinsi ya kuongeza.

Omu, namba ndogo yenye madhara makubwa

Nyuma ya kila boksi la spika kuna namba inayofuatwa na alama ya Ω, ambayo husomwa omu. Mara nyingi ni 8 au 4, na mara chache 16. Namba hiyo inaonyesha ni kwa kiasi gani boksi linazuia mkondo wa umeme unaotoka kwenye amplifaya. Omu nyingi, kizuizi kikubwa. Omu chache, mkondo hupita kwa wingi.

Linalowachanganya watu ni kwamba maboksi yanapoongezwa, omu hupungua. Afadhali kufikiria tangi la maji lenye mfereji mmoja. Ukifunguliwa mfereji wa pili, maji hayazuiwi zaidi. Yanatoka mara mbili. Ukifunguliwa wa tatu, yanatoka mara tatu, na pampu inayolijaza tangi hilo ndiyo inayohangaika. Kila boksi jipya ni mfereji mwingine.

Hesabu yake ni nyepesi maboksi yakiwa na omu sawa: gawanya omu kwa idadi ya maboksi. Mawili ya omu 8 ni omu 4. Matatu ya omu 8 ni omu 2.7 hivi. Mawili ya omu 4 ni omu 2. Yakitofautiana, zidisha namba mbili kisha ugawanye kwa jumla yake: boksi la 8 na la 4 hutoa 32 gawanya kwa 12, yaani omu 2.7 tena.

Sasa itazamwe amplifaya inayotoa volti 40 kwenye spika. Kwa boksi la omu 8, mkondo ni ampea 5 na nguvu ni wati 200. Kwa omu 4, mkondo ni ampea 10. Kwa omu 2, ni ampea 20. Transista za ndani na ugavi wa umeme wa amplifaya vilitengenezwa kwa kiwango fulani cha ampea. Vikidaiwa mara mbili ya hapo, joto hupanda. Amplifaya nzuri hujizima ili kujiokoa. Isiyo na ulinzi huo huendelea mpaka kitu kikatike. Zile nyimbo tatu za mwanzo zilizopigwa vizuri ndizo huwapotosha watu: joto huchukua muda kujikusanya, na kufikia wakati amplifaya inazima, hakuna anayelikumbuka boksi lililoongezwa nusu saa iliyopita.

Kwa hiyo kabla ya kuunganisha chochote, mpiga besi anatakiwa asome maandishi ya nyuma ya amplifaya, karibu na soketi za spika. Huwa yametaja kiwango cha chini kabisa cha omu kinachoruhusiwa. Amplifaya nyingi za besi za siku hizi huandikwa omu 4, baadhi 2.67, na chache 2. Iliyoandikwa 4 inabeba boksi moja la omu 4, au mawili ya omu 8, na basi. Haijalishi kama kuna soketi ya ziada iliyo wazi.

Soketi hiyo iliyo wazi ndiyo mtego wenyewe. Wengi huamini kwamba kuchukua waya kutoka boksi la kwanza kwenda la pili ni tofauti na kuchukua nyaya mbili moja kwa moja kutoka kwenye amplifaya. Si tofauti. Soketi mbili zilizo nyuma ya boksi la kawaida zimeungana ndani sambamba, na boksi la pili linahesabiwa vilevile liunganishwe hapa au pale. Kadhalika, kupunguza sauti hakubadilishi omu. Kutaipunguzia amplifaya joto kwa wakati huo, lakini mtu atakayepandisha sauti baadaye, sherehe ikishachangamka, ataikuta hatari ileile ikimngoja.

Katika kumbi nyingi besi hupitishwa kwenye amplifaya kubwa ya matangazo yenye chaneli mbili. Fundi akiziunganisha chaneli hizo kuwa moja ili kupata nguvu zaidi, kila chaneli huona nusu tu ya omu zilizopo. Amplifaya inayokubali omu 4 kwa kila chaneli itahitaji omu 8 ikiunganishwa namna hiyo. Hilo limeziua nyingi.

Amplifaya za valvu zina sheria yake. Hizi, ambazo ndani zina taa za glasi zinazowaka rangi ya chungwa, hupitisha umeme kwenye transfoma kabla ya kufika kwenye spika. Swichi au soketi ya nyuma lazima iwekwe kwenye omu zilezile za maboksi yaliyopo. Na hata siku moja isiwashwe na kupigwa bila spika kuunganishwa, kwani transfoma hiyo inaweza kuungua kwa muda mfupi. Amplifaya ya transista haina shida hiyo. Ikiachwa bila spika, inakaa kimya tu.

Maboksi mawili yasiyofanana

Vikundi vingi hutumia vifaa vilivyookotezwa huku na kule, na mara kwa mara boksi la spika nne za inchi 10 huwekwa juu ya boksi la spika moja ya inchi 15. Mchanganyiko huo unapendwa kwa imani kwamba spika kubwa italeta mngurumo na ndogo zitaleta ukali. Lakini amplifaya haijui inchi, inajua omu. Maboksi yote mawili yakiwa ya omu 8, nguvu hugawanywa nusu kwa nusu. Kwa wati 400, zile spika nne hupokea 200 kwa pamoja, yaani 50 kila moja, na ile ya inchi 15 hupokea 200 peke yake. Ndiyo maana spika moja kubwa huwa ya kwanza kulia vibaya wakati nne za juu bado ziko sawa. Na likiwa boksi moja la omu 8 na lingine la 4, lile la 4 hunyakua theluthi mbili ya nguvu.

Kwa kikundi kinachonunua, maboksi mawili ya aina moja na omu moja ni chaguo la busara kuliko mawili tofauti. Hufanya kazi sawa, hugawana mzigo sawa, na moja likiharibika lingine hubeba onyesho hadi mwisho. Kama fedha zinatosha boksi moja tu sasa, ni vyema liwe la omu 8, kwani la omu 4 hujaza nafasi yote ya amplifaya nyingi na kufunga mlango wa kuongeza la pili baadaye.

Kuhusu wati, mengi yanayoandikwa kwenye spika za mitaani hayafai kuaminiwa. Spika ndogo iliyobandikwa karatasi ya wati 3,000 inataja kilele cha sekunde chache kama si ndoto ya aliyeichapisha. Namba ya kutafuta ni ile ya nguvu ya mfululizo, inayoandikwa RMS. Maboksi yote kwa pamoja yawe na nguvu ya mfululizo inayolingana na ya amplifaya au kuizidi kidogo. Zaidi ya hapo, namba za wati hazina miujiza: kuongeza nguvu maradufu, tuseme kutoka wati 250 hadi 500, huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo msikilizaji huitambua lakini haimshangazi. Ili sauti isikike kana kwamba imeongezeka maradufu kunahitajika takriban desibeli 10, na hizo ni nguvu mara kumi.

Hesabu hiyohiyo inahusu vifundo vya sauti. Kupandisha kifundo cha besi kwa desibeli 6 ni kuiomba amplifaya nguvu mara nne katika sauti zile za chini. Mpiga besi asiyesikika mara nyingi angesaidika zaidi kwa kupunguza besi kidogo na kupandisha sauti za kati, ambamo sikio hutambua noti. Na boksi lililo sakafuni huelekeza sauti hizo kwenye visigino vyake. Likiinuliwa juu ya kreti imara au kulazwa kidogo kwa nyuma, atajisikia, na pengine hataomba boksi la tatu kabisa. Majirani wa ukumbi nao watashukuru, maana sauti za chini ndizo zinazopenya kuta, na Kanuni za kitaifa za Kudhibiti Kelele na Mitetemo za mwaka wa 2009 hazisamehe besi.

Waya unaofanana na mwingine

Waya wa gitaa na waya wa spika huweza kuwa na jeki zinazofanana kabisa. Ndani havifanani. Waya wa gitaa una uzi mwembamba katikati uliozungushiwa wavu wa kuzuia mavumo. Ulitengenezwa kubeba umeme mdogo mno kutoka kwenye gitaa. Ukitumiwa kati ya amplifaya na spika, hupata moto, hupoteza nguvu, na ukiyeyuka ndani hugusanisha nyaya na kuiua amplifaya. Waya wa spika una nyuzi mbili nene zinazolingana, na kwa besi unene wa milimita za mraba 2.5 kila mmoja unatosha kwa urefu wa kawaida wa jukwaani. Njia rahisi ukumbini ni kuzifunga nyaya za spika utepe wa rangi moja, na kutoziweka kamwe katika mfuko mmoja na nyaya za gitaa.

Pale ambapo amplifaya na boksi vina soketi ya kuzungusha na kufunga aina ya Speakon, itumike hiyo badala ya jeki. Haichomoki mtu akijikwaa, na haigusanishi nyaya wakati wa kuchomekwa.

Kutafuta hitilafu bila kubahatisha

Fundi mzuri haanzi kwa kufungua skrubu. Huanza na gitaa na kufuata njia ya sauti hatua kwa hatua hadi kwenye spika, akibadilisha kitu kimoja tu kwa wakati.

Kukiwa kimya kabisa, cha kwanza kushukiwa ni betri ya gitaa lenyewe. Magitaa mengi ya besi yana kisaidizi cha sauti kinachotumia betri ya volti 9, na betri hiyo huisha hata gitaa likiwa limelala ikiwa waya haukuchomolewa. Kisha waya wa gitaa. Ubadilishwe na mwingine unaojulikana kuwa mzima. Kisha kitufe cha kunyamazisha, ambacho kimewatoa jasho mafundi wengi mbele ya umati. Taa ikiwaka na sauti bado hakuna, nyuma ya amplifaya nyingi kuna soketi mbili za kupitishia vifaa vya kubadilisha sauti. Ndani yake mna viunganishi vidogo vinavyoshika kutu na vumbi, hasa Pwani kwenye hewa ya chumvi. Waya mfupi wa gitaa ukichomekwa kutoka soketi ya kutoa hadi ya kuingiza na sauti ikarudi, hitilafu imepatikana, na onyesho linaweza kuendelea hivyo hivyo hadi soketi zisafishwe.

Jaribio jingine linalogawanya amplifaya katika nusu mbili ni kupeleka waya kutoka soketi yake ya miksa hadi kwenye miksa ya ukumbi. Sauti ikifika huko safi, sehemu ya mbele ya amplifaya ni nzima, na shida iko kwenye sehemu ya nguvu, waya wa spika au boksi.

Boksi hupimwa kwa mita ya kawaida ya fundi wa stima, likiwa limetengwa na amplifaya. Mita inapima umeme usiobadilika, kwa hiyo husoma chini kidogo ya namba iliyoandikwa: boksi la omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7, na la omu 4 kati ya 3 na 4. Ikisoma karibu na sifuri, nyaya zinagusana mahali fulani na boksi hilo lisirudishwe kwenye amplifaya. Isiposoma chochote, njia imekatika. Kipimo kichukuliwe kupitia waya wa spika wenyewe, na waya utikisweutikiswe wakati wa kupima, kwa sababu jeki iliyolegea ndiyo mkosaji wa kawaida.

Boksi la spika nne lina ishara yake maalum. Mengi ya maboksi haya yameungwa kwa jozi: spika mbili zinafuatana kwenye njia moja, na nyingine mbili kwenye njia ya pili. Ikikatika koili ya spika moja, mwenzake katika jozi hunyamaza pia ingawa ni mzima. Kikundi kisichojua hununua spika mbili mahali ambapo moja ingetosha. Mita ikiwekwa kwenye kila spika, baada ya kuchomoa waya wake mmoja, hutofautisha mfu na aliye hai kwa dakika mbili.

Spika ya kubadilisha lazima iwe na omu zile zile za iliyotoka, na namba hiyo husomwa kwenye spika, si kwenye boksi. Mfano wa kukumbukwa ni lile boksi la Ampeg la spika nane. Boksi zima ni omu 4, lakini kila spika ndani yake ni ya omu 32. Fundi akiweka spika ya dukani ya omu 8 kwa sababu ya ukubwa wake wa inchi 10, boksi zima hushuka chini ya omu 3, na ile spika ngeni hubeba nguvu mara nne ya kila mwenzake. Itakufa tena, na huenda ikaondoka na amplifaya.

Sauti ikiwa ipo lakini nyembamba, hasa baada ya kuunganisha maboksi mawili, huenda moja limegeuzwa nyaya. Karatasi za spika za boksi moja zinasukuma mbele wakati za lingine zinavuta nyuma, na sauti za chini zinafutana. Betri ya volti 1.5 inatosha kuthibitisha: boksi likiwa limetengwa, upande chanya wa betri ukigusishwa kidogo kwenye ncha ya jeki na hasi kwenye shina lake, karatasi inapaswa kuruka nje. Ikirudi ndani, nyaya zimepishana, mara nyingi ndani ya plagi iliyotengenezwa upya.

Mtatariko kwenye noti fulani tu hutoka kwa mpini uliolegea, skrubu ya wavu wa mbele au hata nati ya gurudumu, na bisibisi huumaliza. Mkwaruzo unaosikika kwenye kila noti ni jambo jingine. Karatasi ya spika ikisukumwa taratibu kwa vidole vilivyotandazwa sawasawa na ukasikika mkwaruzo kama wa msasa, koili imepinda au kuungua, na spika hiyo inahitaji kazi. Mlio wa kupasuka unaotokea sauti ikiwa juu peke yake, na kupotea ikishushwa, mara nyingi ni amplifaya iliyofika mwisho wa uwezo wake.

Na ile inayozima baada ya nusu saa: kwanza ihesabiwe omu, kisha itazamwe feni yake. Feni iliyozibwa na vumbi, au amplifaya iliyofunikwa kitambaa cha mapambo kwa ajili ya mgeni wa heshima, hutoa dalili zile zile za boksi la ziada.

Pini ya tatu

Hitilafu moja haipaswi kutatuliwa kwa mbinu za jukwaani. Amplifaya inapovuma, kuna watu hukata waya wa ardhini, ule ambao mafundi huuita ethi, au hutumia plagi ya pini mbili, na kweli uvumi hupungua. Nyuzi za gitaa zimeungana na chuma cha amplifaya kupitia waya wake. Siku hitilafu itakapotokea ndani, volti 240 zitakosa njia ya kwenda ardhini isipokuwa mikono ya mpiga besi, na midomo yake ikigusa maikrofoni, umeme hupita kifuani. Uvumi hutatuliwa kwa kuchomeka amplifaya na miksa kwenye soketi za mstari mmoja wa umeme, au kwa kisanduku cha DI chenye swichi ya kutenganisha ethi ya waya wa sauti pekee. Mpiga besi anayehisi vidole vikitekenywa na nyuzi aache kupiga, na amplifaya ichomolewe ukutani papo hapo. Onyesho litangoja.

Fyuzi iliyokatika ibadilishwe na nyingine ya ampea zile zile. Karatasi ya pakiti ya sigara si fyuzi. Amplifaya iliyonunuliwa mitumba kutoka Marekani isomwe vizuri kabla ya kuchomekwa, kwa sababu huenda imetengenezwa kwa volti 120, na itaungua mara tu itakapoonja za Kenya.

Kikundi kinachorudisha vifaa vya ukumbi kimweleze msimamizi yaliyotokea jinsi yalivyotokea: maboksi mangapi yaliunganishwa, ya omu ngapi kila moja, amplifaya ilizima baada ya muda gani, na kama kulikuwa na harufu. Fundi aliyepewa maelezo hayo huanzia karibu na kosa. Aliyeambiwa tu kwamba imekataa hufungua kila kitu, na kila skrubu anayoifungua huwa kwenye ankara.